Maandishi Yanapogeuka Kuwa Amri

Katika lugha ya programu iitwayo Python, maandishi yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, kama "2 + 3 * 4", huhifadhiwa kama alama 9 tu, nafasi tupu zikiwamo. Kompyuta haiyakokotoi. Yakikabidhiwa kwa amri ya eval, huchambuliwa kwa kanuni za lugha hiyo: kuzidisha hutangulia kujumlisha, na jibu huwa 14. Wazo la kuishika programu kama data, kisha kuikokotoa, lilielezwa na John McCarthy wa Marekani mwaka 1960 katika makala yake juu ya lugha ya Lisp.

Uwezo huo una hatari. Eval haitofautishi hesabu na maagizo mengine. Mtumiaji akiombwa namba, naye akaandika agizo la kufuta mafaili, agizo hilo laweza kutekelezwa kwa mamlaka yote ya programu yenyewe. Kwa hiyo maandishi yatokayo kwa mtu mwingine yasikabidhiwe eval. Inapotakiwa namba kamili, itumike int, ambayo hukataa maandishi yasiyo namba kamili.

Zoezi: Eleza kwa nini int("14") hukubaliwa, lakini int("2 + 3 * 4") hukataliwa.