Kiwambo cha Sikio Kinavyotiwa Kiraka

Wapo wenzetu darasani wanaouliza "Umesemaje?" hata baada ya mwalimu kurudia mara mbili. Tusiharakishe kuwaita wazembe. Kwanza tuulize: je, sikio lao hutoka usaha?

Mwisho wa tundu la sikio pana utando uitwao kiwambo. Upana wake hukaribia milimita 9, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Sauti hukitikisa, nacho hutikisa vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, mpaka sikio la ndani. Kikitoboka, sauti hufika hafifu. Hutobolewa na maradhi ya sikio la kati, na njiti za kuchokonolea, na makofi pia (hapa wakubwa nao wasome). Tundu dogo la jeraha mara nyingi hujiziba lenyewe kwa wiki au miezi michache likiwekwa kavu. Lakini lililokaa miaka na usaha huwa gumu kujiziba, na hilo ndilo huhitaji upasuaji.

Mwaka 1878 Emil Berthold wa Ujerumani alitumia kiraka cha ngozi. Wajerumani wengine, Wullstein na Zöllner, waliendeleza kazi hiyo miaka ya 1950 kwa msaada wa darubini ya upasuaji. Ila ngozi ilisumbua, kwa kuwa hubanduka maganda na kuoza mle ndani. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaanza kutumika utando mwembamba mgumu unaofunika msuli wa panja, juu tu ya sikio. Hadi leo ndio unaotumika sana. Penye tundu kubwa au lililorudi, daktari huweza kutumia gegedu la sikio lenyewe.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hukwangua kingo za tundu ziwe kidonda kipya, kisha huingiza kiraka kwa chini na kukiegemeza kwa sponji ya jelatini, ambayo huyeyuka yenyewe. Tuelewe hapa: kiraka hiki si kama cha kanzu. Ni mfano wa fito anazowekewa mmea utambaao. Seli za kingo hutambaa juu yake mpaka zikutane, na mwili wenyewe ndio unaoziba.

Kwa hiyo wiki za mwanzo ndizo za hatari. Maji yasiingie sikioni, na mgonjwa asiogelee mpaka daktari aruhusu. Asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya aachame, kwani upo mrija kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati, na upepo ukisukumwa humo huweza kukibandua kiraka.

Baada ya miezi michache hupimwa usikivu. Tundu likiwa limeziba na kusikia bado ni hafifu, pengine vile vifupa vimeliwa na maradhi, navyo vina upasuaji wake.