Shahada ya Mawasiliano: Maswali Yanayoulizwa Buruburu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatangazwa, nyumba nyingi za Buruburu, Nairobi, huwa na kikao kimoja: mtoto, mzazi na orodha ya kozi za KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo. Mawasiliano haikosi kwenye orodha hiyo. Nimefundisha somo hili na kusimamia wanafunzi wakiwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, na maswali ninayoulizwa mtaani humu kutoka Phase 1 hadi Phase 5 hufanana. Haya hapa, pamoja na majibu yangu.

Mwalimu, binti yangu amepata C+. Anataka mawasiliano kwa sababu anataka kusoma habari kwenye runinga. Nimkubalie?

Mama, C+ ndiyo gredi ya chini ya kuingilia shahada, ila kila chuo huongeza masharti yake, hasa kuhusu Kiingereza na Kiswahili. Yasomeni kabla ya kuchagua. Kuhusu runinga, viti vya wasomaji habari ni vichache sana. Nyuma yao kuna watayarishaji, wahariri, wapiga picha na waandishi ambao mtazamaji hawajui hata kwa sura. Mwulize binti kama yuko tayari kuandika habari ileile mara tatu mpaka ikae sawa. Akisema yuko tayari, mkubalie kwa moyo mweupe. Kama anachotaka ni kuonekana tu, mpe muda afikirie tena.

Miaka minne wanasoma nini hasa?

Wanasoma kuandika habari, kuhariri, redio na video, uhusiano mwema, matangazo ya biashara, utafiti, maadili na sheria. Sheria si mapambo. Kuna Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inamhusu hata kijana anayeendesha ukurasa wa duka mtandaoni.

Lakini kiini cha kozi ni kumfikishia mtu jambo analohitaji kwa namna atakayoelewa. Mfano wa zoezi ninalowapa ni huu. Tuseme ofisi fulani imeandika: “Kutakuwa na usitishwaji wa muda wa huduma ya maji kutokana na ukarabati wa miundombinu katika maeneo husika.” Mwanafunzi aigeuze iwe ujumbe wa kundi la WhatsApp la wakazi. Aliyeelewa kazi huandika: “Maji yatakatika Jumanne, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Phase 2 na Phase 3. Jazeni mitungi Jumatatu jioni.” Kabla ya kuandika hivyo, amepiga simu kuuliza siku, saa na mahali, kwa sababu taarifa ya kwanza haikuwa na hata kimoja. Kuuliza ndiyo nusu ya taaluma hii.

Tuchague chuo gani?

Vyuo ni vingi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha uanahabari tangu 1970. Daystar, chenye hati ya chuo kikuu tangu 1994, kinajulikana sana kwa mawasiliano. Kuna pia Moi, Maseno, JKUAT, Multimedia na Technical University of Kenya, ambayo iko katikati ya jiji na unaifikia kwa matatu moja kutoka Buru.

Jina lisikutoshe. Hakikisha kwanza kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi yenyewe, si chuo tu. Kisha nenda ukaone: je, studio inatumika, au imefungwa kufuli? Wanafunzi wana gazeti au redio yao? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukuonyesha kazi aliyoifanya? Karo uiulize kwa maandishi, pamoja na gharama za vifaa.

Na kama hakufikisha C+?

Asife moyo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, iko South B, si mbali na Buruburu, na imefundisha tangu 1961. Hutoa vyeti na stashahada, na mafunzo yake ni ya mikono zaidi: kamera, sauti, mitambo. Akimaliza stashahada anaweza kuendelea na shahada, na vyuo vingine humpunguzia muda. Aulize mapema ni masomo gani yatakayohesabiwa.

Vyombo vya habari vinapunguza wafanyakazi kila mara. Kazi zitatoka wapi?

Ni kweli, mzee, na sitakuficha. Pesa za matangazo zimehamia mtandaoni, na vyumba vya habari vimepungua watu. Anayetegemea chumba cha habari peke yake amejibana.

Milango mingine ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwasiliane na wananchi, na hiyo ni kazi ya watu waliosomea. Wizara, hospitali, benki, vyama vya akiba na mashirika yasiyo ya kiserikali yana maafisa wa mawasiliano. Kampuni za matangazo zinataka waandishi, na biashara ndogo zinataka mtu wa kuendesha kurasa zao. Anayeelekea uhusiano mwema ajiunge mapema na chama cha wanataaluma hao, PRSK. Anayeelekea uanahabari ajue kwamba kitambulisho cha kazi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari, chini ya sheria ya 2013. Mshahara wa kuanzia mara nyingi ni mdogo, na wengi huanza kwa kulipwa kwa kila kazi.

Sisi wa Eastlands tunaongea Sheng. Si itatuangusha?

Haitakuangusha ukijua pa kuitumia. Ghetto Radio ilijengwa juu ya Sheng, na idhaa za lugha za kienyeji zina wasikilizaji wengi. Ila afisa wa mawasiliano asiyeweza kuandika Kiswahili sanifu wala Kiingereza safi atakwama. Shika zote tatu.

Niko mwaka wa pili. Nifanye nini kabla sijamaliza?

Mwanangu, anza leo, na anza hapa mtaani. Chama cha wakazi kinahitaji mtu wa kuandika taarifa zake. Kanisa, msikiti na timu za mpira zina habari ambazo hakuna anayeziandika. Mafundi wanaochora matatu za namba 58 wana mengi ya kusimulia, na wako karibu nawe. Weka kazi zako bora kwenye jalada moja: habari mbili, mahojiano ya sauti, video fupi, taarifa kwa vyombo vya habari. Barua za kuomba atachimenti zipeleke mapema, na usimlipe yeyote anayekuahidi nafasi.

Wazazi, lipeni karo, lakini kila likizo mwombeni mtoto awaonyeshe kitu kimoja alichokiandika au kukirekodi. Asipokuwa nacho, shahada itamkuta mikono mitupu. Mwajiri atakitazama cheti mara moja, kisha ataomba kuona kazi.