Elimu kwa Umma: Magamba ya Ziwa Mbali na Maji

Ukitembea Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, utakuta magamba ya konokono wa majini mahali ambapo leo hata tone la maji halionekani. Wataalamu wa mambo ya kale wamepata huko vyusa vya mifupa vilivyotumiwa kuvulia samaki. Kati ya miaka 15,000 na 5,000 hivi iliyopita, ziwa letu lilikuwa juu kwa takriban mita 90 kuliko miongo ya karibuni, na kuna nyakati lilifurika hadi bonde la Mto Nile.

Mvua hiyo yote ilitoka wapi? Dunia inapojizungusha huyumba polepole, kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka. Siku hizi Dunia hulikaribia jua zaidi mapema mwezi wa Januari, wakati nchi za kaskazini ziko kwenye baridi. Miaka 10,000 hivi iliyopita ililikaribia katikati ya mwaka, kaskazini kukiwa na joto. Ardhi ya kaskazini mwa Afrika ikapata joto zaidi, hewa ikapanda, na pepo zenye unyevu zikavutwa kutoka baharini hadi ndani ya bara. Sahara ikaota nyasi, Turkana ikajaa maji.

Mzunguko huo huchukua takriban miaka 23,000. Ipo mingine miwili: kuinama kwa mhimili wa Dunia, miaka 41,000, na kubadilika kwa umbo la njia yake kuzunguka jua, kama miaka 100,000. Milutin Milanković, mwanahisabati wa Serbia, alitumia miaka mingi kupiga hesabu hizi kwa mkono.

Katika mabaraza tunasikia kwamba ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, ni mzunguko uleule wa kale. Sivyo. Katika maisha ya mzee wa miaka 70, myumbo huo husogea kama nyuzi moja tu kati ya 360. Ukame ule ulihusiana na La Niña, katika dunia ambayo tayari imepashwa joto na moshi wa mafuta na makaa ya mawe.

Ukiona chusa au mfupa wa kale, usiuokote. Sheria ya mwaka 2006 inalinda turathi hizo. Mjulishe chifu wako au ofisi ya makavazi.