Magnesiamu Katika Joto na Kasi Kubwa

Magnesiamu inafahamika katika maabara za shule kama utepe mwembamba uwakao kwa mwanga mweupe mkali. Viwandani, metali hii huthaminiwa kwa wepesi wake. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina masi ya gramu 1.74; ya alumini ni gramu 2.70 na ya chuma ni gramu 7.87. Kwa sababu hiyo aloi zake hutumika katika magari na ndege. Aloi iitwayo AZ31, kwa mfano, ina takriban asilimia 3 ya alumini na asilimia 1 ya zinki.

Hata hivyo, wepesi peke yake hautoshi. Gari ligongwapo, je, sehemu ya magnesiamu itabonyea na kumlinda abiria, au itapasuka? Jibu limo katika mpangilio wa atomu.

Tabaka za atomu

Atomu za magnesiamu zimepangwa katika fuwele zenye umbo la pande sita, tabaka juu ya tabaka, mfano wa karata. Karata zikisukumwa kwa ubavu huteleza. Zikikandamizwa kutoka juu hazitelezi. Ndivyo ilivyo fuwele ya magnesiamu ikiwa baridi: tabaka huteleza kwa urahisi katika bapa moja tu. Nguvu ikitoka upande mwingine, huenda sehemu ya fuwele ikageuka ghafla kwa nyuzi 86 hivi, ikawa kama taswira ya jirani yake katika kioo. Tendo hili huitwa upacha. Njia hizi zikikwisha, metali hupasuka.

Kazi ya joto

Joto huzidisha mtikisiko wa atomu. Halijoto ipitapo takriban nyuzi 225 za Selsiasi, tabaka huanza kuteleza kwa wepesi katika bapa nyingine pia, na metali hukubali kufinyangwa. Ndiyo maana mabamba ya magnesiamu hupashwa moto kabla ya kukunjwa.

Kazi ya kasi

Kipande chenye urefu wa milimita 10 kikifupishwa kwa milimita 1, badiliko ni 0.1. Likitokea kwa sekunde 100, kasi yake ni 0.001 kwa sekunde. Likitokea kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kasi ni 1000 kwa sekunde.

Kuteleza kwa msaada wa joto huhitaji muda. Kasi ikizidi, muda huo hukosekana, na metali hushupaa kana kwamba imepozwa. Upacha, usiotegemea sana joto, hupata nafasi zaidi. Mwaka 1944, Zener na Hollomon waliunganisha kasi na halijoto katika kanuni moja ambayo wahandisi wangali wakiitumia.

Lakini kuna jambo la pili. Sehemu kubwa ya kazi inayofanywa juu ya metali hugeuka kuwa joto. Pigo likiwa la ghafla, joto hilo halipati muda wa kutoka. Metali hulainika kwa ndani, na likikusanyika katika ukanda mwembamba, ufa huweza kufuata papo hapo. Kwa hiyo kipimo kilichofanywa polepole hakitoshi kuonyesha usalama wa sehemu itakayopigwa kwa ghafla.

Maswali

1. Kasi ya pili katika mfano hapo juu ni mara ngapi ya ile ya kwanza?
2. Eleza kwa nini kasi huweza kushupaza metali na pia kuilainisha.