Kitalu cha Uani na Wageni Wake

Wengi wetu tulio pwani tuna jamaa Nairobi, khasa Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika mitaa ya Eastlands iliyofuata: Kaloleni, Buruburu, Umoja, Dandora. Twendapo kuwazuru twaona kuwa viwanja vingi vya mbele ya nyumba vimetiwa saruji. Na pale palipobakishwa udongo, mwenye nyumba hulalamika kuwa mboga yake yatambaa na maua yajaa, lakini maboga hayashiki. Hununua mbolea, kisha dawa, na hali ni ile ile. Somo letu la leo ni kumjibu mtu huyu.

Mboga huzaa maua ya namna mbili katika shina moja, ya kiume na ya kike. La kike hujulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Unga wa ua la kiume ni mzito, tena wanata, haupeperuki kwa upepo. Hapana budi mdudu auchukue. Na muda ni mfupi, kwani ua hufunguka alfajiri, na kufika mchana huwa limefunga. Asipofika mdudu, kiboga hunyauka kikaanguka.

Jambo hili si geni kwetu. Ndugu zetu wa Omani huipandisha mitende kwa mikono mpaka leo. Na katika Sahihi ya Muslim mna khabari ya watu wa Madina walioacha kupandisha mitende yao, tende zikatoka mbovu, naye Mtume (S.A.W.) akawarejesha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Mafunzo yake ni wazi: mmea una kanuni zake, na asiyezijua hupata khasara hata akiwa mwema.

Basi mtende una mkono wa mtu. Boga la Dandora lina nani? Lina nyuki. Wajulikana nyuki wa aina zaidi ya 20,000 duniani, na walio wengi si wa mzingani. Huishi peke yao, kila jike na tundu lake katika udongo au katika kijiti kikavu. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa walibainisha kuwa zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani zahitaji, kwa wingi au uchache, msaada wa nyuki na viumbe wengine wabebao unga wa maua. Ama mwenye kutaka kuwajua wale wa kwetu, na asome kitabu cha Dino Martins, mwanachuoni wa wadudu wa Kenya, kilichotolewa mwaka 2014.

Sasa tutazame tuliyowafanyia. Saruji imeziba matundu yao. Dawa tunyunyiziayo sukuma wiki asubuhi huwakuta kazini ikawaua. Na mapambo yetu mengi hayawafai: boganvilia, iliyotoka Amerika ya Kusini, king'aacho kwake ni majani tu, na ua lenyewe ni dogo mno katikati.

Yatupasa kufanya haya. Kwanza, tupande vya kwao. Kivumbasi, tukijuacho sote kwa kufukuza mbu, kikiachwa kichanue hujaa nyuki. Mgagani na mitoo ni mboga za jikoni. Tusizichume zote, tubakishe mashina machache yatoe maua. Mshubiri wa nyika hustahimili kiangazi, na ndege chozi huja kufyonza maua yake. Pili, tupande mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba. Udongo mweusi wa Eastlands hujaa maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, basi tuuchanganye na samadi iliyooza. Asiye na udongo, debe bovu lililotobolewa chini lamtosha. Tatu, tuache pembe moja ya udongo mtupu, usiolimwa wala kumwagiwa maji. Nne, tuweke kisahani cha maji chenye vijiwe, na maji tuyabadilishe kila siku, tusije tukafuga mbu. Tano, dawa tuiache. Chawa wa mboga huondoka kwa maji ya sabuni, tukiyanyunyiza jioni.

Huenda mtu akasema: "Nyuki watawauma watoto wetu." Twamjibu kuwa nyuki aliye juu ya ua yu kazini, hamuumi mtu ila akibanwa. Mzinga ndio wenye hatari, kwani nyuki wa asali wa Afrika ni wakali wakichokozwa kwao. Kwa hivyo hatumwambii mtu aweke mzinga penye nyumba zilizobanana. Twasema maua, si mizinga.

Na mwengine atasema: "Kiwanja changu ni kama mkeka, kitafaa nini?" Na awatazame vijana wa Dandora, mtaa wenye jaa kubwa la taka la Nairobi. Walijiunga, wakazisafisha nyua za pamoja, wakapanda miti na maua. Ua mmoja ni mdogo, lakini nyuki hauhesabu peke yake. Huenda kutoka ua huu hadi ule. Kila nyumba ikitoa debe moja, mtaa mzima huwa shamba.

Basi tutakapowapelekea jamaa zetu salamu, tufungashe na mbegu. Mti uliwao na ndege au mdudu ni sadaka kwa aliyeupanda. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kutuwafikia.