SOMO: Nani anaandika majina?



Ikisikika kwamba mbegu na majembe yanakuja, watu hawaulizi kwanza ni mbegu gani. Wanauliza: nani anaandika majina? Jina likirukwa, familia inakosa msimu, na mvua ya Septemba haimngojei mtu.

Nchi yetu ina sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, na ndani yake umetajwa Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Kilimo. Msaada wa serikali ukifika katika kartie zetu utahitaji orodha, kama msaada wa mashirika unavyohitaji. Basi tujifunze kwa jirani.

Mwaka 2008 serikali ya Tanzania ilianza kuwapa wakulima wadogo vocha za mbolea na mbegu za mahindi au mpunga, za kutosha ekari moja. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akamalizia iliyobaki. Majina yalipangwa na kamati ya kijiji: wanaume 3, wanawake 3. Mama wanaoongoza nyumba peke yao walitakiwa watangulie. Lakini watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipochunguza mkoa wa Kilimanjaro, walikuta karibu asilimia 60 ya vocha zimeingia katika nyumba za viongozi wa kijiji.

Tusiwacheke. Kiongozi anayejiandika mara nyingi hajioni mwizi. Anasema: nimezunguka siku nne nyumba kwa nyumba, nani amenilipa? Kazi isiyo na malipo hujitafutia malipo yake. Afadhali wanakamati wapewe kitu kidogo, kama sabuni au pesa ya simu, na kitajwe mbele ya wote kabla ya kazi kuanza.

Kisha majina yasomwe kwa sauti siku chache kabla ya jetoni kugawiwa. Karatasi ya ukutani haitoshi, kwa maana wengi hawasomi. Jihadharini hapa: someni jina tu, msitaje kijiji alikotoka mtu. Wako waliokimbia watu wanaowatafuta hata sasa.

Iko na ile nusu ya bei. Aliyekimbia hana pesa ya kumalizia. Tena shamba lake limebaki nyuma, Eringeti, au Kanyabayonga iliyotekwa Juni 2024. Sharti la kwamba "awe na shamba" linaonekana la haki, kumbe linamfungia mlango. Na mgeni akipewa mbegu, mwenye nyumba aliyelaza watoto wa wageni pamoja na wake akakosa, ugomvi unaanzia hapo jikoni. Sisi tunaona heri wawili hao waandikwe pamoja: huyu aazime kipande cha shamba, yule alime, wote wapate mbegu. Wasemezane mbele ya mashahidi ni misimu mingapi na mavuno yatagawanywaje, maana azimo lisilo na mwisho limeleta kesi nyingi kwa mashefu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

Katika msaada uliopita, majina yalisomwa lini, na mbele ya nani?

Aliyerukwa alipeleka neno lake kwa nani? Alijibiwa nini?

Je, kuna mwenye nyumba katika kamati yenu?