Kabla ya kushika sururu, tafuteni watu kumi

Ukipanda matatu Kitale, ukapita Kapenguria na kuteremka hadi Ortum, utawakuta akina mama wameinama mtoni, kila mmoja na karai lake. Wanachota mchanga, wanauzungusha na maji, wanamwaga kidogo kidogo mpaka ubaki mchanga mweusi wenye nukta mbili tatu za manjano. Jioni broka anafika na mzani wa mfukoni. Anahesabu kwa pointi, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, na bei anaitaja yeye. Mama aliye peke yake hana la kumjibu. Namwandikia huyo mama, na vilevile kijana wa Bungoma anayevunja kokoto au kuzoa mchanga wa mto Nzoia, kwa maana kokoto na mchanga navyo vinahesabiwa kuwa madini.

Pengine unauliza: dhahabu ikipatikana shambani mwangu, si yangu? Hapana. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema madini ni mali ya umma, serikali kuu inayashika kwa niaba yetu sote. Hatimiliki yako ni ya ardhi tu. Lakini hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuingia na kuchimba. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye ardhi akubali kwanza, na alipwe fidia kwa hasara anayopata. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, usiharakishe. Isome, ukae nayo, umpe mtu unayemwamini naye aisome. Majirani zetu wa Kakamega walishaonja uchungu huu. Dhahabu ilipogunduliwa kwao mwaka 1931, sheria iliyowaahidi ardhi badala ya ardhi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1932 wakoloni waliibadilisha ili wachimbaji wapite.

Je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuchimba? Anaruhusiwa, akiwa na kibali cha mchimbaji mdogo, yule anayetumia sururu, koleo na karai. Lazima uwe raia wa Kenya na umetimiza miaka 18. Sheria ya zamani ya mwaka 1940 haikumtambua mtu huyu hata kidogo. Kibali hutolewa na ofisi ya madini katika kaunti, na kila kaunti inatakiwa iwe na kamati ya wachimbaji wadogo, ambamo wachimbaji wenyewe wana wawakilishi. Kama hujui ofisi iko wapi, mwulize chifu au nenda ofisi ya kamishna wa kaunti, utaje neno moja: madini. Wachimbaji wa Ortum wanahudumiwa na kaunti ya Pokot Magharibi, si Trans Nzoia, hata kama soko lao ni Kitale.

Usiende peke yako. Chama cha ushirika kinahitaji watu wasiopungua 10, kila mmoja na kitambulisho chake. Nendeni ofisi ya ushirika ya kaunti, mwombe mfano wa katiba ya chama, mwijaze pamoja. Kuhusu gharama, ombeni orodha ya ada iliyoandikwa kabla ya kutoa hata shilingi. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222, na risiti hutoka hapo hapo. Anayetaka pesa mkononi ili "asukume faili" si wa kusikilizwa.

Kujiandikisha ni rahisi kuliko kinachofuata. Wakulima wa kahawa wa Bungoma wanajua jinsi chama kinavyoweza kufa mikononi mwa viongozi watatu wasioulizwa. Kamati iwe na watu kati ya 5 na 9, waliochaguliwa kwa kura, kila mwanachama kura moja. Mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kwisha, na notisi ya maandishi itoke siku 15 kabla. Siku hiyo usije kwa ajili ya soda. Uliza tuliuza gramu ngapi, kwa nani, kwa bei gani. Uliza nani aliumia shimoni na alisaidiwaje. Uliza hesabu zilikaguliwa na nani. Mweka hazina akikuambia "tutakujibu baadaye", omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Uliza pia viongozi wamefikisha wapi kilio chenu. Maamuzi ya juu yanakufikia hadi mtoni. Mwaka 2019 serikali ilisimamisha leseni mpya za madini, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2023. Makampuni yana Chemba ya Madini ya Kenya ya kuyasemea. Mchimbaji asiye na chama hana wa kumsemea. Kuna pia mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye leseni anatoa kwa madini anayochimba. Katika kila shilingi 100, 70 ni za serikali kuu, 20 za kaunti, na 10 za jamii inayoishi mahali panapochimbwa. Hizo 10 ni zenu kisheria, lakini jamii isiyo na sauti moja itazidai vipi?

Neno kuhusu zebaki, ile dawa ya maji ya fedha inayoshika dhahabu. Ikichomwa kwenye jiko, mvuke wake hauonekani, nao huharibu ubongo na kumdhuru mtoto tumboni. Chama kiikataze, hasa nyumbani. Nalisema hili kwa uzito wote.

Na mchango wa kwanza ukikusanywa, kabla ya muhuri wa kifahari na fulana, nunueni mzani wenu. Pimeni saa kumi, mwandike kwenye daftari, ndipo broka afike.